Valvu Haiungui Bila Sababu

Hotuba kwa mafundi na waendesha pikipiki. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mafundi, ndugu waendeshaji, na ninyi vijana ambao bado mnajifunza kushika spana, asanteni kwa kuitikia wito.

Nianze na jambo ambalo kila fundi aliyeko hapa analijua. Pikipiki inaletwa. Haina nguvu, kuwaka ni kwa shida, na ikiwaka inatetemeka na kutaka kuzimika. Fundi anafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, anakuta valvu ya ekzosi, mlango mdogo wa kutolea moshi, imeungua. Analeta mpya, anaisaga kidogo ikae vizuri, anafunga, pikipiki inawaka, mwenyewe analipa na kuondoka akicheka. Ile valvu ya zamani iko wapi? Imetupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Miezi michache baadaye pikipiki ileile inarudi na ugonjwa uleule, na safari hii mwenyewe hacheki. Anasema fundi amemwekea kifaa kibovu. Fundi anasema mwenye pikipiki haendeshi kwa adabu. Nani mkweli? Hatuwezi kujua, kwa sababu shahidi pekee tulimtupa kwenye ndoo.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Valvu haiungui bila sababu. Haipindi bila sababu. Haikatiki bila sababu. Na sababu hiyo huachwa imeandikwa kwenye ukingo wake, kwenye shina lake, kwenye siti yake pale inapotua, na wakati mwingine juu ya kichwa cha pistoni. Fundi anayebadilisha valvu bila kusoma maandishi hayo amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Tuanze na joto, maana wengi hapa wanaposema "valvu imekufa" wanamaanisha imeungua.

Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Valvu ya kuingiza ina nafuu yake, kwa kuwa kila ikifunguka inapitiwa na hewa baridi na petroli. Valvu ya ekzosi haina nafuu hiyo. Inapitiwa na gesi iliyotoka kuungua sasa hivi, na injini ikifanya kazi nzito kichwa chake kinaweza kufika nyuzi 700 za Selsiasi au zaidi. Chuma chenye joto hilo, ukikiweka gizani, kinaonekana chekundu. Sasa niambieni, kwa nini hakiungui siku ya kwanza?

Hakiungui kwa sababu kina pa kutolea joto. Karibu robo tatu ya joto la valvu hutoka kupitia siti, pale ukingo wa valvu unapokaa juu ya hedi. Robo iliyobaki hupita kwenye shina na kuingia kwenye bushi, ule mrija ambamo shina linateleza. Na ukanda ule wa kukutana na siti, ambao joto lote hilo linaupitia, upana wake kwa kawaida ni milimita 1 hadi 1.5 tu. Valvu ikifunga, inatua pale, inapoa, halafu inanyanyuka tena kwenda motoni. Ukipunguza muda wake wa kutua umeiunguza. Ukiizuia isitue sawasawa umeiunguza. Ukipitisha gesi ya moto kwenye upenyo mdogo kati yake na siti, umeiunguza haraka zaidi, kwa sababu gesi ile inakata chuma.

Miaka ya 1920 jambo hilihili liliwasumbua watengenezaji wa injini za ndege. Ndege ilikuwa haiwezi kuaminiwa kwa safari ndefu, na moja ya vifaa vilivyokuwa vikiiangusha ni valvu ya ekzosi. Mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Samuel Heron, alitengeneza valvu yenye uwazi ndani ya shina, akaujaza sodiamu, metali laini, kiasi cha nusu hivi. Sodiamu inayeyuka ikifika nyuzi 98. Valvu ikipanda na kushuka, ile sodiamu iliyoyeyuka inatikisika ndani, inachukua joto kichwani na kulipeleka kwenye shina. Mwaka 1927 Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu, na injini ya ndege yake ilikuwa na valvu za namna hiyo. Sikiliza vizuri lakini: pikipiki yako ya kawaida haina sodiamu. Valvu yake ni chuma kitupu. Tegemeo lake kubwa ni ule ukanda wa milimita moja.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya valvu iliyoungua ni hili: nini kiliizuia kutua?

Na hapo, ndugu zangu, mara nyingi jibu ni tapeti.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zinapopotea bila ulazima. Kati ya roka, mkono unaoisukuma valvu ifunguke, na ncha ya valvu kuna nafasi ndogo, na hiyo ndiyo tunayoipima tunaposema tapeti. Kwa pikipiki nyingi ndogo za silinda moja, nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa ya baridi. Ni unene wa unywele, wala si zaidi. Nafasi hiyo imewekwa ili valvu ikipata joto na kurefuka ibaki na uhuru wa kufunga kabisa. Ikikosekana, roka inaishikilia valvu wazi hata pale inapotakiwa ifunge. Hutaiona kwa macho. Lakini gesi inaiona.

Sasa, watu wanajua tapeti ikilegea, kwa sababu inapiga kelele: ta-ta-ta-ta. Mwenye pikipiki anasikia, anakuja mwenyewe bila kuitwa. Je, tapeti ikikaza nani anasikia? Hakuna. Injini inakuwa kimya, tamu, kama mpya. Na kwa kawaida tapeti hukaza yenyewe taratibu kadiri siku zinavyokwenda, kwa sababu siti na ukingo wa valvu vinalika, valvu inazama ndani ya hedi, na ncha ya shina inapanda kuifuata roka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna mzee mmoja aliyekuwa akijisifia injini yake haina kelele hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumgusia tapeti. Kwa nini iguswe na injini iko kimya? Alikuja siku moja akilalamika kwamba asubuhi inawaka kwa mkupuo wa kwanza, lakini akiendesha nusu saa, akizima, haiwaki mpaka ipoe. Mkiambiwa maneno hayo, simameni. Inawaka ikiwa baridi, inagoma ikiwa ya moto: hiyo ni mojawapo ya dalili kubwa za tapeti iliyokaza. Tuliiacha ipoe usiku kucha. Asubuhi tukaweka pistoni juu, alama ya T kwenye magneti ikiwa mbele ya alama ya kava, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Tukajaribu fila geji, kibati cha kupimia nafasi, nyembamba kuliko zote tulizokuwa nazo upande wa ekzosi. Ikagoma kuingia. Roka ile ilikuwa imebana tu, haichezi hata ukiisukuma kwa kidole. Tukafungua hedi. Ukingo wa valvu ulikuwa umebadilika rangi kote, vishimo vidogo vidogo vimezunguka duara nzima, na sehemu moja imeanza kulika kama ubao ulioguswa na mchwa.

Angalieni neno nililosema: kote. Valvu iliyoungua duara nzima inakuambia kwamba haikuwa ikitua vizuri popote, au imepata joto kupita kiasi kwa ujumla. Valvu iliyochimbika sehemu moja tu, pengo jembamba kama la msumeno, na kwingine kote inang'aa vizuri, hiyo ina habari nyingine. Hapo kuna kitu kilikaa kati yake na siti mahali pamoja, mara nyingi kipande cha kaboni kilichobanduka, au siti yenyewe imepoteza umbo sehemu hiyo. Ukiweka tapeti sawa na siti ukaiacha na kasoro yake, umemaliza nini? Na ile valvu ambayo kichwa chake kimebonyea katikati, ukingo ukainuka kama ua, hiyo chuma kililainika. Joto lilizidi uwezo wake. Usihangaike na tapeti peke yake, tafuta joto lilikotoka.

Joto hilo la ziada hutoka wapi? Mara nyingi hutokana na petroli kidogo na hewa nyingi. Fundi mwenzangu mmoja kijana aliletewa pikipiki ambayo tayari ilikuwa imebadilishwa valvu ya ekzosi kwingine, na imeungua tena. Tapeti zilikuwa sawa. Siti ilikuwa safi. Alichokifanya kikanifurahisha sana. Aliitoa plagi kabla ya kitu kingine chochote akaiangalia: nyeupe kabisa, kama imepakwa chokaa. Akaomba pikipiki iwashwe, akainyunyizia maji ya sabuni ile sehemu ya mpira unaounganisha kabureta na hedi. Mngurumo ukabadilika papo hapo. Akaukunja ule mpira kwa vidole, na chini, upande usioonekana, palikuwa na ufa mrefu. Hewa ilikuwa ikiingia hapo bila kupitia kabureta. Valvu mbili zimekufa kwa ajili ya ufa kwenye mpira. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ulikuwa ufa kweli.

Mambo mengine yanayoleta joto la namna hiyo ni jeti, tundu la petroli ndani ya kabureta, iliyoziba nusu, moto wa plagi unaochelewa ambao hufanya petroli iendelee kuungua mpaka inapotoka kwenye ekzosi, na mapezi ya kupozea silinda yaliyojaa matope. Kuhusu mapezi sitasema mengi. Yasafishwe, basi.

Lakini niseme juu ya sailensa, maana naona kuna vijana hapa wamezitoboa. Watu husema ukitoa sailensa, hewa baridi inaingia na kupindisha valvu. Mimi siamini hivyo. Kinachotokea ni kwamba ukibadilisha njia ya kutokea gesi, kipimo cha hewa na petroli nacho kinaweza kubadilika, na kabureta yako imebaki na jeti zilezile za mwanzo. Injini inafanya kazi na petroli kidogo kuliko inavyohitaji, na joto linapanda. Valvu inaungua kwa sababu hiyo. Ukielewa sababu ya kweli, unajua pa kuangalia. Ukishika hadithi, utalaumu upepo.

Nihamie kwenye kulika. Kulika na kuungua ni vitu viwili, ingawa cha kwanza huzaa cha pili.

Shika valvu ya kuingiza mkononi. Ukiona ukingo wake una mfereji laini umezunguka duara, umechimbika sawasawa, unang'aa kama umesagwa, jiulize: nani ameisaga? Jibu ni vumbi. Vumbi lililochanganyika na mafuta linafanya kazi ileile ya pesti ya kusagia, tofauti ni kwamba halikomi. Niliwahi kuona pikipiki ambayo mwenyewe aliitoa filta ya hewa akiamini kwamba injini "itapumua". Ikapumua vumbi. Tulipoitoa kabureta, ndani ya njia ya hewa palikuwa na tope la kijivu. Ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia linakwaruza. Valvu ya kuingiza ilikuwa imezama ndani ya hedi, tapeti imekwisha, na kuta za silinda zina mikwaruzo ya wima. Na unajua kilichomsumbua mwenye pikipiki? Kwamba inakula oili. Valvu wala hakuwa na habari nayo. Angebadilishiwa valvu peke yake, bila filta, bila kuangalia ringi za pistoni, angerudi.

Kuna kulika kwingine, kwa siti ya ekzosi, ambako wenye pikipiki za zamani sana wanapaswa kukujua. Mwaka 1921 huko Marekani Thomas Midgley aligundua kwamba kuongeza kemikali ya madini ya risasi kwenye petroli kunazuia injini kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe bila mpangilio. Ikawa hivyo dunia nzima kwa miongo mingi. Risasi ile ilikuwa na faida ambayo haikukusudiwa: iliacha utando mwembamba juu ya siti, na utando huo ukazuia chuma kushikana na chuma kila valvu inapotua. Lakini risasi ni sumu, inadhuru akili za watoto, na ni haki kabisa kwamba iliondolewa. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Injini za siku hizi zina siti ngumu, hazihitaji risasi. Ila injini ya miaka hiyo, yenye hedi ya chuma laini na siti iliyochongwa humohumo, siti yake inaweza kulika haraka ikisukumwa kwa mwendo mkali. Ukiona tapeti ya ekzosi inakaza tena na tena kila baada ya muda mfupi, acha kuirekebisha tu na kuondoka. Siti inazama. Hiyo hedi inahitaji siti ngumu ya kupachikwa.

Sasa valvu iliyopinda.

Hapa mafundi wengi hujibu kabla ya kuulizwa: cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti. Ni kweli mara nyingi ni cheni. Lakini je, ni mara zote? Ukiona alama ya mwezi mchanga juu ya kichwa cha pistoni, unajua tu kwamba valvu na pistoni vimekutana. Bado hujajua ni nani aliyechelewa kuondoka.

Kabla hujafungua bolti ya sproketi ya kamshafti, ule mhimili wenye kamu, vinundu vinavyofungua valvu, simama! Zungusha krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, mpaka alama ya T, kisha angalia alama za kamshafti. Zimekaa mahali pake? Ukishaifungua ile bolti, ushahidi umekwenda na haurudi. Alama zikiwa zimehama jino moja au mawili, cheni iliruka, na kazi yako ni kujua kwa nini iliruka: imerefuka, tenshona inayoikaza imekwama, au mtu aliifunga vibaya mara ya mwisho. Alama zikiwa sawasawa kabisa na valvu imepinda, cheni haina kosa. Angalia shina. Likiwa na michubuko, limekauka, limekwaruzwa kwa urefu, basi valvu ilikwama ndani ya bushi, kwa kukosa oili au kwa kaboni, na pistoni ikaikuta njiani. Shina likiwa safi, na cheni iko sawa, pima urefu wa springi ukilinganisha na kitabu cha pikipiki hiyo. Halafu mgeukie mwenye pikipiki umuulize kwa upole: uliteremsha gia ukiwa kwenye mwendo mkali?

Kwa nini umuulize hivyo? Kwa sababu springi ina kikomo cha mwendo. Ikipita hapo haiwezi tena kuirudisha valvu kwa wakati, na valvu inaelea, haifuati kamshafti. Watu wa mbio za pikipiki walipambana na jambo hili kwa miaka. Mhandisi wa Ducati, kampuni ya pikipiki ya Italia, Fabio Taglioni, aliamua kuacha kuitegemea springi, akatengeneza injini ya sisi 125 ambayo valvu inafunguliwa na kamu na inafungwa na kamu pia. Mwaka 1956, katika mashindano yake ya kwanza huko Uswidi, ikashinda. Pikipiki zetu bado zinaitegemea springi. Wapo watakaosema, "Lakini pikipiki yangu ina kifaa kinachokata moto injini ikizidi kasi." Kweli, kinakata moto wa plagi. Lakini ukiwa kwenye mteremko, gia ya nne, ukashusha kwa bahati mbaya hadi ya pili na kuachia klachi, anayeizungusha injini wakati huo ni gurudumu la nyuma. Utamkatia moto gani?

Valvu iliyokatika nitaipitia upesi. Ikikatikia juu, kwenye mfereji wa vile vibano viwili vidogo vinavyoshika springi, angalia vibano vyenyewe na kisahani chake, na uulize kama tapeti ilikuwa imelegea sana. Tapeti iliyolegea huifanya valvu igongwe badala ya kusukumwa, na ncha ya shina hutawanyika kama kichwa cha tindo iliyopigwa nyundo kwa miaka. Ikikatikia shingoni, karibu na kichwa, angalia kama siti na bushi viko kwenye mstari mmoja. Valvu inayotua upande mmoja kwanza inapinda kidogo sana kila inapofunga, na mara 50 kwa sekunde hakuna chuma kitakachovumilia.

Nimesema sana juu ya kusoma valvu iliyokwisha kutoka. Lakini ninyi mnaopokea pikipiki kila siku, kuna mengi ya kujua kabla hata ya kugusa hedi, na napenda tuyazoee.

Kwanza sikiliza maelezo ya mwenyewe, na umuache amalize. Inagoma ikiwa ya moto au ya baridi? Ilipoteza nguvu ghafla au kidogo kidogo? Ghafla huelekea kwenye kupinda au kukatika. Kidogo kidogo huelekea kwenye kuungua na kulika. Nani aliifungua mara ya mwisho, na alibadilisha nini?

Kisha moshi. Pikipiki ikiteremka mlima bila kuvutwa mafuta, halafu ikipigwa resi ikatoa wingu la bluu kisha likaisha, oili inashuka kupitia sili za valvu au bushi zilizopanuka. Ikitoa moshi wa bluu muda wote inapovuta, elekea kwenye ringi. Wanaofungua hedi na kubadilisha valvu kwa moshi wa ringi wapo, na wateja wao wanateseka.

Pima tapeti kabla ya kufungua, injini ikiwa imepoa kabisa, na uandike namba. Iandike! Ukishafungua, namba hiyo hutaipata tena, na ndiyo inayokuambia kama valvu ilizama, kwa kiasi gani, na ya upande gani.

Halafu kompresheni. Vuta mafuta mpaka mwisho, choki ikiwa imefunguliwa, piga kiki mpaka mshale usimame. Linganisha na namba ya kitabu. Ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda vizuri, uvujaji uko kwenye ringi. Isipopanda, uvujaji uko juu: valvu au gasketi ya hedi. Mwenye kompresa afanye zaidi ya hapo. Weka pistoni juu, valvu zote zikiwa zimefunga, zuia injini isizunguke, ingiza hewa kupitia tundu la plagi, na tega sikio. Hewa ikisikika kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ikisikika kwenye kabureta, ni ya kuingiza. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Umejua mgonjwa ni yupi na hujagusa bolti hata moja ya hedi.

Hedi ikishatoka, igeuze, mimina petroli kidogo kwenye njia ya ekzosi, subiri. Kausha kwanza upande wa chumba cha moto ili uone vizuri. Petroli ikichuruzika kupita ukingo wa valvu, hata tone, haifungi. Rudia upande wa kuingiza. Baada ya kutoa springi, nyanyua valvu kidogo na uitikise kushoto na kulia. Bushi iliyokwisha utaisikia mkononi. Na ukiwa na bushi iliyokwisha, tafadhali usisage valvu mpya juu yake. Utapata siti nzuri leo, na kesho valvu itatua pengine.

Kuhusu kusaga kwenyewe, nina neno kwa vijana. Kusaga ni kumalizia kazi, hakuwezi kunyoosha valvu iliyopinda wala kurudisha siti iliyoharibika. Ukiona unasaga kwa muda mrefu na mstari wa kijivu haukamiliki duara, acha. Kuna kitu hakiko sawa. Ukizidisha, ukanda unapanuka, valvu inazama, na tapeti unayoiweka leo itakuwa imekaza mapema kuliko inavyotakiwa. Valvu za titaniamu za baadhi ya pikipiki za mashindano zisisagwe kabisa, zina utando juu ambao ukitoka zinalika haraka. Na pesti ioshwe yote. Yote. Ikibaki kwenye bushi, umeacha vumbi ndani ya injini kwa mikono yako mwenyewe.

Ninyi waendeshaji, mnaponiuliza mtamjuaje fundi mzuri, mwambieni akuonyeshe valvu ya zamani na akueleze imeharibika kwa nini. Akikuonyesha na kukueleza, hata kama gharama imeongezeka kwa sababu ya mpira wa kabureta au filta, mpe. Amekuondolea safari ya pili.

Na mafundi, siku unapomkabidhi mtu pikipiki yenye valvu mpya, mwambie airudishe baada ya kilomita 500 hivi, asubuhi, injini ikiwa haijawashwa. Valvu mpya na siti vinakaa, na tapeti huhama katika siku hizo za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote. Toa namba ya tapeti uliyoiweka siku ya kumkabidhi, pima tena, linganisha. Isipohama sana, ulipata sababu. Ikiwa tayari imekaza, bado hujaipata, na afadhali uitafute sasa valvu ikiwa bado nzima.